Namna ya Kustaafisha cha Zamani: Fedha za Ufuko wa Mweru na Amri za Kompyuta

Mantapala iko wilayani Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Makazi hayo yalifunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya watu waliovuka mpaka tangu 2017 wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, ambao kwanza walipokewa katika kituo cha Kenani. Wengi wao wanazungumza Kiswahili cha Katanga, na wamekuja na historia ambayo haiandikwi katika fomu za usajili: historia ya fedha zilizokufa mikononi mwao. Tuchukulie mzee aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji wa Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Alizaliwa katika faranga za Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1961 jimbo la Katanga lililojitenga likatoa faranga zake. Katanga iliporudishwa Kongo mwaka 1963, zikaja faranga za serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1967 ikaja zaire, mwaka 1993 zaire mpya, mwaka 1998 faranga ya Kongo, na alipofika Mantapala akaanza kuhesabu kwa kwacha. Hizo ni fedha saba katika umri wa mtu mmoja, na kila badiliko lilimlazimu kuuliza swali lile lile: hiki nilicho nacho mkononi kitapokewa hadi lini, na wapi nitapewa kingine badala yake?

Swali hilo leo linaulizwa pia katika kazi ambayo mtu angeidhania iko mbali kabisa na ziwa la samaki. Watengenezaji wa programu za kompyuta hawaandiki kila kitu wenyewe. Programu moja husimama juu ya vipande kumi, mia au elfu vilivyoandikwa na wengine, navyo huitwa vitegemezi. Kazi ya kuvileta, kuvipanga na kuhakikisha matoleo yake yanapatana hufanywa na programu maalumu, msimamizi wa vitegemezi, ambaye mtu humwamrisha kwa maneno machache anayoyaandika kwenye skrini. Maneno hayo hukaririwa, huandikwa katika vitabu vya mafunzo, na huingizwa katika hati zinazojiendesha zenyewe usiku kucha bila mtu kuziangalia. Kisha siku moja wenye programu wanaamua kwamba amri fulani ya zamani ina kasoro, na kwamba toleo jipya halitaitambua tena. Lugha ya Go inatoa mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi amri yake ya go get ilifanya kazi mbili kwa mpigo: kuongeza kitegemezi kwenye mradi, na kujenga programu na kuiweka kwenye mashine. Mchanganyiko huo ulileta matatizo. Februari 2021, toleo la 1.16 likawapa watu njia mpya ya kuweka programu kwa kutaja toleo wanalolitaka, kupitia go install. Agosti mwaka huo, toleo la 1.17 likaendelea kuitii amri ya zamani lakini likatoa onyo kila ilipotumiwa hivyo. Machi 2022, toleo la 1.18 likaiondolea amri hiyo kazi ya kuweka programu, nayo ikabaki na kazi moja tu ya kusimamia vitegemezi.

Benki kuu inayobadili fedha na mtunza programu anayefuta amri wanabeba wajibu mmoja. Kila mmoja ametoa ahadi, watu wameyajenga maisha yao juu yake, na sasa anataka kuibadili ahadi hiyo bila kuwavunja walioiamini. Hoja yangu ni kwamba ubora wa kitu kipya hauamui matokeo ya mabadiliko haya. Kinachoyaamua ni namna kile cha zamani kinavyoondolewa, na kipimo cha haki cha uondoaji huo ni hali ya mtumiaji aliye mbali kuliko wote na makao makuu. Ufuko wa Mweru ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Nchelenge iko karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Lusaka, na Kinshasa iko mbali zaidi ya hapo hata kwa ndege. Serikali mbili zimebadili fedha katika ufuko huo kwa namna zinazotofautiana sana, na matokeo yake yanaweza kulinganishwa.

Tuanze kabla ya serikali hizo. Shaba ya Katanga ilikuwa ikiyeyushwa na kumiminwa katika vipande vyenye umbo la msalaba karne nyingi kabla ya mkoloni. Makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, yana misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu, na kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ikawa midogo na yenye ukubwa unaofanana, dalili kwamba ilikuwa ikihesabiwa kama fedha. Upande wa mashariki, ufalme wa Mwata Kazembe katika bonde la Luapula ulikaa kwenye njia ya biashara iliyopitisha shaba, chumvi, pembe na nguo hadi pwani ya Bahari ya Hindi upande mmoja na Angola upande mwingine. Nguo na shanga nazo zilikuwa malipo yanayokubalika. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba vitu hivi vimekoma kuwa fedha. Vilikufa kwa njia ya kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini iliyotawala Rhodesia Kaskazini-Mashariki iliweka kodi ya nyumba ya shilingi 3 kwa mwaka. Mwanzoni maofisa walipokea nafaka au siku za kazi badala ya sarafu, kwa sababu sarafu zenyewe zilikuwa adimu. Lakini kadiri miaka ilivyosonga walidai shilingi tupu, na mtu asiyekuwa nazo alilazimika kwenda kuzitafuta migodini au kwa kuuza alichonacho.

Hapo ndipo mpaka uliopita katikati ya ziwa na mto ulipoanza kuuma. Soko kubwa la samaki wa Mweru na Luapula lilikuwa Kongo. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, kwenye mto Luapula, walinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Mvuvi wa upande wa Waingereza aliyeuza huko alilipwa faranga, ilhali karani wa boma alimdai shilingi. Kwa hiyo watu wa ufuko walijifunza mapema kuliko wengi kuishi na mifumo miwili kwa wakati mmoja, kujua kipi kinapokewa wapi, na kubadili kimoja kwa kingine bila kupoteza sana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna dhana iliyozoeleka kwamba watu wa pembezoni hushindwa na mabadiliko kwa kukosa ufahamu. Historia ya Mweru inaikanusha. Ujuzi wa kubadili ulikuwepo tele. Walipoumia, waliumia kwa sababu mlango wa kubadilishia ulifungwa kabla hawajaufikia.

Mfano wa mlango ulioachwa wazi ni Zambia ya 1968. Nchi ilikuwa imepata uhuru Oktoba 1964 na kutoa pauni yake ya Zambia mwaka huo huo. Pauni hiyo ilirithi hesabu ya Kiingereza, peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni. Bunge liliamua kuiacha hesabu hiyo, na tarehe 16 Januari 1968 ikaja kwacha yenye ngwee 100. Wapangaji wangeweza kuchagua thamani yoyote ya kwacha. Walichagua shilingi 10 ziwe kwacha 1, na katika uamuzi huo kuna busara inayofaa kutazamwa kwa karibu. Noti ya pauni 1 ikawa kwacha 2, noti ya shilingi 10 ikawa kwacha 1. Sarafu ya shilingi 2 ikawa sawasawa na ngwee 20, shilingi ikawa ngwee 10, peni sita ikawa ngwee 5. Katika hizo hakuna salio, hakuna mabaki ya kubishania. Kwa sababu hiyo sarafu za zamani ziliweza kuendelea kutumika sambamba na ngwee, na muuza samaki sokoni aliweza kupokea shilingi asubuhi na kurudisha chenji ya ngwee mchana bila kupiga hesabu ndefu. Karibu kila kitu cha zamani kilikuwa na jina lake jipya, moja kwa moja, na aliyekuwa hajasikia tangazo aliendelea kufanya biashara huku akijifunza.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zaire yenyewe ilianza vizuri mnamo Juni 1967: zaire moja kwa faranga 1,000, ikigawanyika katika makuta 100. Lakini uchumi ulipoharibika katika miaka ya 1970, noti zilizagaa na thamani ikaporomoka. Wakati wa Krismasi ya 1979 serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, ambazo ndizo zilizokuwa noti kubwa za watu, zimekoma kuwa fedha halali. Mipaka ilifungwa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha benki, tena kwa kiwango chenye ukomo. Fikiria maana ya agizo hilo kwa kijiji cha uvuvi kwenye ufuko wa magharibi wa Mweru mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekolea na barabara zikiwa tope. Benki zilikuwa mijini, kwa siku kadhaa za safari, na zilipofunguliwa hazikuwa na noti mpya za kutosha. Mfanyabiashara mkubwa wa mjini mwenye jamaa ndani ya benki alipata njia. Mvuvi aliyeweka akiba ya msimu ndani ya nyumba aliamka na rundo la karatasi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwakamata walanguzi na waliofichia fedha nje, lakini kasi ile iliwapiga kwa nguvu zaidi wale waliokuwa mbali, kwa kosa la kuwa mbali.

Majeraha ya namna hiyo hayaishii siku ile. Yanakuwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaamua jinsi tangazo lijalo litakavyopokewa. Mwanzoni mwa 1993 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema si halali, wenye maduka wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi na kupora Kinshasa mwishoni mwa Januari. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mikoa ya Kasai iliikataa. Watu wa Mbuji-Mayi na Kananga waliendelea na zaire zao kuukuu kwa karibu miaka mitano, zikichakaa mikononi. Kwa kuwa hakuna aliyezichapisha zaidi, bei za Kasai zilitulia kuliko za maeneo yaliyotumia fedha mpya. Faranga ya Kongo ilipozinduliwa tarehe 30 Juni 1998, ilibidi iwekwe viwango viwili: faranga 1 kwa zaire mpya 100,000, na faranga 1 kwa zaire za zamani milioni 14. Tazama hesabu hiyo. Kama serikali ingefuata kiwango chake ilichokitangaza mwaka 1993, faranga moja ingehitaji zaire za zamani bilioni 300. Kwa kukubali milioni 14, ilikiri kwamba zaire ya Kasai ilikuwa imeishi maisha yake yenyewe, na kwamba waliobaki nayo walikuwa na haki ya kupewa thamani waliyoitunza wao.

Sasa turudi ufuko wa Nchelenge, mwaka 2013. Mfumuko wa bei wa miongo miwili ulikuwa umeifikisha kwacha mahali ambapo noti kubwa kabisa iliandikwa 50,000, na ngwee zilikuwa zimetoweka sokoni. Serikali ilitangaza mapema mwaka 2012 kwamba itaondoa sifuri tatu. Sheria ikapitishwa mwaka huo, na tarehe 1 Januari 2013 fedha mpya ikaanza. Noti ya 50,000 ikawa 50, ya 5,000 ikawa 5. Noti ya 1,000 ikawa sarafu ya kwacha 1, na noti ya 500 ikawa sarafu ya ngwee 50. Kwa miezi sita, hadi tarehe 30 Juni, fedha zote mbili zilikuwa halali kwa pamoja, na maduka yaliandika bei mbili ubavuni mwa kila bidhaa, ile mpya ikitanguliwa na herufi KR ili isichanganywe na ya zamani. Muda wa noti za zamani kutumika madukani ulipokwisha, Benki Kuu haikuwafungia mlango waliochelewa. Iliendelea kuzipokea na kuzibadilisha.

Kalenda ya ziwa inaongeza uzito wa miezi hiyo sita. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku upande wa Zambia ili samaki wazaliane. Maana yake kwacha mpya ilianza wakati nyavu ziko juu na fedha haizunguki sana ufukoni. Kama muda wa mpito ungekuwa wa mwezi mmoja au miwili, ungekwisha kabla boti hazijarudi majini, na watu wengi wa ufuko wangekutana na fedha mpya siku ile ile ambayo ya zamani inakufa. Kwa kuwa ulikuwa wa miezi sita, Machi ilifika na samaki wakaanza kuuzwa tena huku ikibaki miezi minne ya kutumia fedha zote mbili. Mtu aliyepanga tarehe akiwa ofisini Lusaka huenda hakuwafikiria wavuvi hata kidogo. Ndiyo sababu muda mrefu una thamani: huwalinda hata wale ambao mpangaji hakujua kwamba wapo, wenye misimu na ratiba ambazo hazionekani kutoka makao makuu.

Kuna jambo jingine la 2013 ambalo wenye kompyuta wanapaswa kulizingatia. Jina la fedha halikubadilika, lakini msimbo wake wa kimataifa ulibadilika, kutoka ZMK kwenda ZMW. Kwa binadamu aliyeko sokoni ilifaa kwacha ibaki kwacha. Kwa mashine ingekuwa hatari, kwa sababu rekodi ya deni la kwacha 200,000 iliyoandikwa Novemba 2012 ingesomwa Februari 2013 kama deni kubwa mara elfu moja. Msimbo mpya uliiwezesha kompyuta kutofautisha kumbukumbu za kabla na za baada. Hapa fedha na programu zinakutana waziwazi: kitu kinapobadili maana huku kikibaki na jina lake, lazima pawe na alama inayotenganisha maana mbili hizo, la sivyo makosa yatapita kimya bila mtu kuyaona. Amri inayokataa kufanya kazi na kusema kwa nini inamkera mtumiaji kwa dakika tano. Amri inayoendelea kukubali maneno yale yale huku ikifanya kitu tofauti inaweza kumharibia kazi ya miezi.

Kutokana na ushahidi huu naona masharti manne ambayo kila uondoaji wa haki umeyatimiza, kwa kiasi kikubwa au kidogo. La kwanza ni tangazo linalotangulia siku yenyewe kwa muda unaomfikia aliye mbali. La pili ni kipindi ambacho cha zamani na kipya vinafanya kazi pamoja. La tatu ni ulinganisho ulio sahihi, ambapo kila kitu cha zamani kinaonyeshwa mrithi wake. La nne ni mlango wa baadaye, mahali ambapo aliyechelewa bado anaweza kupokewa. Zambia ya 1968 ilifanikiwa zaidi katika la pili na la tatu. Zambia ya 2013 ilitimiza yote manne. Kongo ya 1979 haikutimiza hata moja. Na watunzaji wa Go, kwa kuanza na njia mpya, kisha onyo linalotaja njia hiyo, kisha kuondoa, walifuata mpangilio ule ule uliofuatwa Lusaka, ndani ya mwaka mmoja na ushei. Onyo lao lilikuwa na sifa ambayo matangazo ya serikali nyingi yanaikosa: lilitolewa pale pale mtu alipokuwa akitumia amri ya zamani, likamwambia atumie nini badala yake.

Wapo watakaosema kwamba kubeba vitu viwili kwa pamoja ni gharama, na kwamba huruma ya namna hii inawachosha wanaotunza mfumo. Hoja hii ina ukweli. Lugha ya Python inaithibitisha. Toleo lake la tatu lilitoka Desemba 2008 na halikupatana na la pili. Mwisho wa toleo la pili ulipangwa uwe 2015, kisha mwaka 2014 ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Kwa miaka zaidi ya kumi walioandika maktaba walilazimika kuhakikisha kazi yao inakwenda katika matoleo yote mawili, na wengi wao walifanya hivyo kwa kujitolea, bila malipo. Lakini somo lililomo humo linahusu tarehe. Tarehe iliyosogezwa iliwafundisha watu kungoja, kwa kuwa aliyechelewa hakuona hasara na aliyewahi hakuona faida. Zambia ilitoa miezi sita, na siku ya mwisho ilipofika ikawa ya mwisho kweli kwa matumizi ya sokoni. Muda wa kutosha wenye mwisho unaoheshimiwa unagharimu kiasi kinachojulikana. Kinachochosha ni muda usio na mwisho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba pengine ghafla inahitajika, kwa sababu ukiwapa waovu taarifa watajiandaa. Hii ndiyo hoja ya 1979, na imerudiwa tangu hapo. Novemba 2016 India ilifuta noti za rupia 500 na 1,000 usiku mmoja ili kuwanasa wenye fedha chafu. Takwimu za benki kuu ya nchi hiyo zilionyesha baadaye kwamba asilimia 99.3 ya thamani ya noti hizo ilirudi benki. Fedha chafu iliyotarajiwa kufia mafichoni ilipata njia, na waliopanga foleni kwa siku nyingi ni watu wa kawaida. Kenya ilijaribu njia ya kati. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma tarehe 1 Oktoba, miezi minne baadaye, huku noti ndogo zikiachwa ziendelee. Mwishowe noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudi. Kwa hiyo taarifa ya miezi minne haikuzuia lengo la kuwanyima wafichaji fedha zao, na India iliyoficha tangazo haikulifikia lengo hilo. Kwenye programu kuna hali moja ambayo naikubali: amri ikigundulika kuwa tundu la kuingilia wezi, ni sawa kuifunga siku hiyo hiyo. Hata hivyo sababu isemwe waziwazi, na njia mbadala itolewe pamoja na tangazo la kufunga. Dharura inafupisha muda. Haifuti wajibu wa kumwonyesha mtu pa kwenda.

Wengine watauliza kwa nini tusimwache kila mtu aendelee na cha zamani anachokipenda, kama Kasai ilivyofanya, kwani programu ya zamani haifi na mtu anaweza kubaki na toleo lake. Kasai yenyewe inajibu. Ilikuwa na sababu nzuri ya kukataa, maana waliotoa fedha mpya walikuwa wamepoteza imani ya watu, na kwa muda uamuzi wake uliilinda. Lakini noti zilichakaa bila kupata badala, na biashara na sehemu nyingine za nchi ilihitaji kubadili fedha ndani ya nchi moja. Ndivyo ilivyo kwa anayebaki na toleo la zamani la programu: kazi inakwenda, ila hakuna anayerekebisha kasoro zake, na kila mwaka anazidi kutengana na vitegemezi vya wenzake. Ninachojifunza hapa kinamwelekea mtoa tangazo. Watu wengi wanapokataa kuhama, aanze kwa kuchunguza kama yeye mwenyewe anaaminika, kabla ya kuwaita wakaidi.

Pingamizi la mwisho linasema kwamba nalinganisha vitu visivyolingana, kwa kuwa mvuvi aliyepoteza akiba ya mwaka na mtaalamu aliyepoteza mchana mmoja hawako katika mizani moja. Ni kweli, na sitaki kuupunguza msiba wa 1979 kwa kuuweka kando ya usumbufu wa ofisini. Ila gharama ya amri iliyofutwa haiangukii ofisi zenye wataalamu wengi. Inaangukia mahali ambapo mfumo wa kuhesabu dawa au mishahara uliandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, ambapo mwanafunzi anajifunza kwa kitabu cha miaka mitano iliyopita, na ambapo kupakua toleo jipya kunakula vifurushi vya intaneti vinavyonunuliwa kwa fedha ya chakula. Afrika Mashariki na Kati ina mahali pengi pa namna hiyo. Zaidi ya hayo, fedha yenyewe sasa inapita ndani ya programu. Katika nchi ambako mshahara, ada ya shule na malipo ya samaki hutumwa kwa simu, mfumo wa malipo ulioharibika kwa sababu ya badiliko lisilotangazwa unamfikia mtu wa ufukoni kwa haraka ile ile ambayo noti iliyofutwa ilimfikia.

Zambia ilitoa noti na sarafu mpya tena tarehe 31 Machi 2025, safari hii zikiwemo noti za kwacha 200 na 500, na Benki Kuu ikatangaza kwamba za zamani zitatumika sambamba nazo kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja ni mara mbili ya muda wa 2013, na unapitia kila msimu wa ziwa mara moja, ukiwemo ule wa nyavu kukaa juu. Huo ndio urefu ninaoutetea, katika fedha na katika programu: mzunguko mmoja kamili wa maisha ya wanaotumia kitu hicho, uhesabiwe kwa kalenda yao, kisha mwisho usiosogezwa. Anayeamua kuondoa cha zamani ndiye mwenye uwezo wa kupanga, ndiye anayejua sababu, na ndiye anayefaidika na wepesi utakaofuata. Kwa hiyo safari ya kutoka cha zamani kwenda kipya ni deni lake yeye, na deni hilo halijalipwa mpaka mtu wa mwisho, aliyepata habari mwisho, awe amepata mahali pa kubadilishia.